Jinsi ya Kuirudisha Tamthilia ya Zamani Jukwaani Bila Kumdhulumu Mtu

Tamthilia nyingi za Kiswahili huvifikia vikundi vyetu vya maigizo zikiwa nakala ya nakala: maandishi yamefifia, kingo zimekatwa na mashine, na ukurasa wa mbele, ule wenye jina la mwandishi, jina la mfasiri, mwaka na mchapishaji, haupo kabisa. Kikundi hugawana sehemu, mazoezi huanza, na baada ya miezi miwili bango hutundikwa ukutani likiwa na jina la mwongozaji kwa herufi kubwa, na la mwandishi halionekani popote. Nilishiriki katika onyesho la namna hiyo nikiwa kijana, wala sikuona kosa, kwa kuwa nilidhani kazi ya zamani ni kama kisima cha kijiji ambacho kila mwenye ndoo huchota. Nilichelewa kutambua kwamba hata kisima cha kijiji kina watu waliokichimba, na wapo wanaokasirika kikitiwa uchafu.

Mwongozo huu unamlenga mwongozaji wa kikundi, mwalimu wa sanaa za maonyesho, na yeyote anayekusudia kuichukua tamthilia iliyokwisha kupata heshima ya miaka mingi, iwe ya Ebrahim Hussein, ya Penina Muhando au ya Shakespeare katika Kiswahili, na kuicheza mbele ya watu wa leo. Msimamo ninaoutetea ni kwamba mwongozaji ana ruhusa kubwa ya kubadili, ila kila badiliko analolifanya analazimika kulijua, kuwa na sababu yake, na kulitangaza waziwazi. Sikubaliani na wanaotaka tamthilia ya zamani isiguswe, kwa sababu hakuna onyesho lisilobadili kitu. Mwigizaji akinyamaza kitambo mahali ambapo mwandishi hakuagiza kimya, tayari ameshaifasiri. Wala sikubaliani na wale wanaoichukulia kama kanga iliyochakaa, ya kukatwa vipande vya kushikia sufuria.

Anza na ukurasa wa mbele

Kabla ya kugawa sehemu, kitafute kitabu chenyewe, kizima. Jambo hili huonekana dogo, lakini tamthilia moja inaweza kuwa na wenyewe wawili au watatu, na huwezi kuwajua bila ukurasa huo. Chukua mfano wa Mabepari wa Venisi. Shakespeare alifariki mwaka 1616 na Kiingereza chake hakina mtu wa kukidai, lakini Kiswahili unachokishika mkononi ni cha Julius Nyerere, kilichochapishwa mwaka 1969. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa maisha yote ya mwandishi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake, na mfasiri huhesabiwa kuwa mwandishi wa tafsiri yake. Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa hesabu hiyo tafsiri zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2049. Kikundi kinachosema kwamba Shakespeare ni wa bure kinasema kweli kuhusu kitabu kilichopigwa chapa London mwaka 1600, na kinakosea kuhusu kitabu kilichopo mezani. Ndivyo ilivyo pia kwa Makbeth na Tufani za Samuel Mushi, na kwa Mfalme Edipode, ambayo Mushi aliiweka katika Kiswahili kutokana na kazi ya Sofokile, Mgiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo.

Ukitaka uhuru kamili, unaweza kurudi kwenye matini ya asili na kuifasiri upya. Njia hiyo ni halali, ingawa ina mtego wake: mfasiri aliyeisoma tafsiri ya Nyerere akiwa sekondari hujikuta anaiandika tena bila kujua, hasa katika zile hotuba ambazo watu wa rika lake walizikariri. Ushauri wangu ni kwamba kitabu cha Nyerere kifungiwe kabatini mpaka rasimu ya kwanza ikamilike, ndipo viwekwe pamoja na mistari inayofanana mno iandikwe upya.

Kuna kazi ambazo ukurasa wa mbele wenyewe hautoshi. Nitaolewa Nikipenda ina majina ya waandishi wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na sheria itawatambua hao. Hata hivyo tamthilia hiyo ilichezwa mara ya kwanza kwa Kikuyu mwaka 1977 na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambao walirekebisha maneno wakati wa mazoezi, wakaleta nyimbo zao, na wakajenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Serikali ilifuta kibali baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kikundi kitakachoicheza leo bila kuitaja Kamĩrĩĩthũ hakitapelekwa mahakamani, lakini kitakuwa kimeendeleza kazi ya waliobomoa ukumbi huo. Jina la kijiji hicho liwekwe kwenye bango, tena si kwa herufi ndogo za chini.

Barua ya kuomba ruhusa

Barua iandikwe kwa mchapishaji kwanza, na ieleze mambo kwa ukamilifu: kikundi ni kipi, onyesho litafanyika wapi na mara ngapi, kiingilio ni kiasi gani au hakuna, kama kutakuwa na kurekodi, na, hili ndilo wengi huliacha, ni mabadiliko gani yanayokusudiwa. Usiandike tu kwamba mtaifupisha kidogo. Andika kwamba mtaondoa onyesho la pili, kwamba wahusika wawili wataunganishwa kuwa mmoja, kwamba wimbo wa mwisho utabadilishwa. Mwandishi anayejibu barua ya namna hiyo anajua anachokiridhia, na wewe unalala usingizi.

Haki ya malipo na haki ya heshima ni vitu viwili. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za waandishi na wasanii, ambao Tanzania na Kenya zote ni wanachama wake, unamtambulia mwandishi haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia hadhi, hata baada ya kuuza haki zake za kibiashara. Kwa hiyo mchapishaji anaweza kukupa ruhusa ya kucheza, na mwandishi akabaki na neno la kusema kuhusu ulivyoicheza.

Baadhi ya wachapishaji wa miaka ya 1960 na 1970 hawapo tena, na barua hurudi au hupotea. Hapo ndipo pa kuziuliza ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar na KECOBO kwa Kenya, na pa kutafuta familia ya mwandishi kupitia chuo alichofundisha au kijiji chake. Usikivu wa kawaida unahitajika hapa: familia inayopigiwa simu na mtu wasiyemjua, akiitaja kazi ya marehemu kwa haraka kama anayeulizia kiwanja, itakataa, na itakuwa na haki. Nenda, au mtume mtu mzima anayefahamika. Ukikosa jibu kabisa, kukaa kimya kwao hakujawa ruhusa. Chagua tamthilia nyingine, au subiri.

Neno moja kwa vikundi vinavyozunguka shuleni nchini Kenya kucheza vitabu teule vya fasihi. Sheria huacha nafasi kwa matumizi ya kufundishia, lakini onyesho ambalo kila mwanafunzi analilipia limekwisha kutoka darasani, na mwandishi anastahili sehemu yake. Zaidi ya hayo, mzaha ulioongezwa ili watoto wacheke unaweza kuibuka katika karatasi ya mtihani kama tukio la kitabuni, na atakayepoteza alama ni mtoto.

Jua mhimili uko wapi kabla ya kushika mkasi

Kila tamthilia kubwa ina jambo ambalo likiondolewa nyumba huanguka, hata kama kuta zote zimebaki. Kazi ya kwanza ya mwenye kufupisha ni kulitafuta jambo hilo, na ni kazi ya wiki kadhaa za kusoma mezani kabla mtu yeyote hajasimama. Nitaeleza kwa kutumia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kwa sababu ndiyo tamthilia niliyoiona ikiumizwa mara nyingi zaidi kuliko nyingine, na karibu kila mara na watu wanaoipenda.

Tamthilia hiyo inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile anaingiwa na Hongo, yaani pepo wa mtoni, anapotelea mtoni, anarudi akiwa na maji yatakayoyaunganisha makabila dhidi ya Wajerumani. Kisha yeye mwenyewe anaanza kuyatilia shaka, anawazuia watu wasiende vitani upesi, na wao wanakwenda. Mwishoni, akiwa amefungwa, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, si kwa sababu ameacha kushuku, bali kwa kuwa anaona jinsi adui atakavyolitumia ungamo hilo kuwaambia watoto wa kesho kwamba wazee wao walikosea kupigana. Mtu anayeshuku na bado akakataa kukana: huo ndio mhimili.

Sasa tazama yanayotokea. Kikundi kinaalikwa kucheza katika sherehe ya kitaifa, muda uliotolewa ni dakika 40, na mwongozaji anaondoa mashaka yote ili Kinjeketile abaki shujaa asiyeyumba. Wageni rasmi wanapiga makofi. Kikundi kingine kinafanya kinyume, kinamfanya mganga tapeli aliyewaponza wajinga, na watazamaji wanacheka pale wapiganaji wake wanapoanguka. Vikundi vyote viwili vinaweza kudai kwamba havikuongeza hata neno moja, na madai hayo ni ya kweli. Vimepunguza tu, na kwa kupunguza vimeandika tamthilia nyingine na kuibandika jina la Hussein. Ukipewa dakika 40, ni afadhali ucheze onyesho moja zima, na msimulizi aeleze yaliyotangulia, kuliko kuikamua tamthilia yote ikatoka kikombe kimoja kisicho na ladha ya chochote.

Jambo la pili katika Kinjeketile ni historia yenyewe. Mtu wa historia, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, wakati vita ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile wa tamthilia anaishi mpaka kushindwa kunaonekana. Mwandishi hakukosea, alieleza katika utangulizi wake kwamba mhusika wake ni kiumbe wa sanaa na asichanganywe na mtu wa historia, na bila badiliko hilo ule mwisho wa gerezani usingewezekana. Lakini utangulizi hauchezwi jukwaani. Mtazamaji asiyekisoma kitabu anatoka ukumbini akiamini kwamba ameiona historia, na kwa sababu hiyo mwongozaji analazimika kumwambia, kwa sentensi mbili katika kijitabu cha onyesho au kwa mdomo kabla ya taa kuzimwa, wapi tamthilia na historia zinaachana.

Wajibu huo huwa mzito zaidi ukiwa karibu na wenyewe. Songea kuna kaburi na makumbusho ya mashujaa walionyongwa mwanzoni mwa 1906, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapo akaomba msamaha. Wajukuu wa Songea Mbano, mmoja wa viongozi walionyongwa, wapo, na fuvu la babu yao linatafutwa. Kuicheza vita hii mjini hapo, na askari wa Kijerumani wakapewa mizaha ya vichekesho vya televisheni, ni kucheka msibani. Ukikusudia kuicheza Ruvuma, Lindi au Rufiji, nenda kwanza bila maleba na bila ngoma, ukae na wazee, uwaeleze utakachokionyesha na usikilize watakachokisema, hata kama hakuna sheria inayokutaka uombe kwao chochote. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walisafiri hadi Karunaini, alikotoka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kabla ya kuandika tamthilia tunayoijua kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Kama waandishi walikwenda, mwongozaji ana udhuru gani?

Na zile ngoma. Onyesho la Hongo kumpanda Kinjeketile huwashawishi waongozaji kukodi ngoma ya kweli ya kupunga, pamoja na nyimbo zake. Nyimbo hizo ni za tiba na za kilinge, zina wenyewe, na wakati mwingine katika hadhira kuna mtu ambaye zikilia hapandishi kwa kuigiza. Tunga mapigo yako, au umuulize fundi ni kipi kinachoweza kutoka nje, na umlipe kama mshauri wa onyesho.

Wanaochekwa na wanaoogopwa

Tamthilia za zamani zimebeba chuki za zama zake. Swali gumu la maadili si kama tuziache au tuzicheze, kwa maana zitachezwa tu, bali ni nani katika mji wetu atakayeumia tukizicheza kwa uvivu.

Niliwahi kuombwa ushauri na kikundi kilichotaka kuicheza Mabepari wa Venisi jijini Dar es Salaam, na Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha wa tamthilia hiyo, awe muuza duka wa Kihindi, mwenye lafudhi na miwani. Waliliona kama wazo la kuileta tamthilia nyumbani, na neno lenyewe liliwaunga mkono kwa namna fulani: bepari ni neno lililotujia kutoka lugha za Kihindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, kabla siasa ya baada ya Azimio la Arusha la 1967 haijalitia ukali. Niliwaambia wafikirie mambo mawili. La kwanza ni kwamba Nyerere aliliweka jina katika wingi. Kwa Kiingereza mfanyabiashara wa jina la tamthilia ni mmoja, naye ni Antonio, Mkristo; kwa Kiswahili ni mabepari, na kwa usomaji wangu wingi huo unawaweka Antonio na Shylock katika kapu moja, ukiielekeza lawama kwenye mali badala ya dini ya mtu. Hilo ni badiliko kubwa, lililofanywa kwa neno moja na kuwekwa jaladani ambapo kila mtu analiona. Kumfanya Shylock Mhindi kungelibomoa.

La pili ni kumbukumbu. Mwaka 1943, jijini Wien, chini ya utawala wa Wanazi, tamthilia hii ilichezwa katika ukumbi wa Burgtheater, Werner Krauss akiwa Shylock wa kuchukiza, wakati Wayahudi wa mji huo walikwisha kusafirishwa kwenda kuuawa. Maneno yalikuwa ya Shakespeare. Sisi nasi tuna kumbukumbu yetu: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na kejeli za dukani zilikuwa zimetangulia muda mrefu. Nisingependa kuwa mwongozaji anayezifufua kwa kiingilio cha shilingi elfu tano.

Kikundi kiliuliza basi kifanye nini, na jibu langu lilikuwa refu kuliko walivyotaka. Usimpunguze Shylock akawa mtu mwema; ana ukatili wake na tamthilia inauhitaji. Usiikate hotuba yake anayouliza kama Myahudi hana macho, na, muhimu zaidi, usikate hukumu ya mwishoni inayomlazimisha aache dini yake, kwa sababu waongozaji wengi huiondoa ili wapenzi warudi Belmont na furaha isiyo na doa. Kuondoa unyonge wa Shylock kwa kisingizio cha kuwahurumia Wayahudi ni kuficha ushahidi. Icheze hukumu hiyo polepole, na wale wanaoishangilia jukwaani waonekane wakishangilia. Kikundi hicho hatimaye kilimvisha Shylock nguo zilezile walizovaa wengine wote, tofauti yake ikawa tu kwamba hakuna aliyempa mkono. Sina hakika kwamba lilikuwa jibu bora kuliko yote, lakini lilikuwa jibu lao na walijua sababu yake.

Makbeth inaleta tatizo la aina nyingine, na hapa naona uzembe hata kwa watu makini. Wachawi watatu wa mwanzoni, kwa mwongozaji asiyefikiri, ni vikongwe watatu waliojipinda, wenye mvi zilizotimka na macho yaliyopakwa rangi nyekundu. Katika mikoa ya Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo mara nyingi husababishwa na moshi wa miaka mingi ya kupikia, yamechukuliwa kuwa ushahidi. Ukiipeleka picha hiyo Mwanza au Shinyanga, hutakuwa unaonyesha Uskoti ya kale. Utakuwa unawathibitishia vijana waliokaa mbele yako jambo ambalo baadhi yao wameshalisikia nyumbani. Shakespeare hakuhitaji vikongwe ili watishe. Alihitaji viumbe ambao Banquo, mwenzake Makbeth, hawezi kuamua ni nini. Wafanye vijana wa kiume, wafanye watoto, wafanye sauti zisizo na miili. Katika hili sioni nafasi ya mjadala, na ni mahali pekee katika mwongozo huu ninaposema hivyo.

Kuhusu lafudhi za makabila kama nyenzo ya kuchekesha, yaani mlinzi lazima awe Mmasai na mtumishi wa nyumbani lazima atamke kama mtu wa mkoa fulani, nitasema tu kwamba mwandishi akiiandika, mna deni la kuitafakari, na asipoiandika, hakuna sababu ya kuiongeza.

Miili ya waigizaji

Mwongozaji anayejali sana haki za marehemu huweza kuwasahau walio hai waliosimama mbele yake. Tamthilia kama Hatia ya Penina Muhando, inayomhusu msichana aliyepata mimba, huchezwa na wasichana wa umri uleule, mbele ya wenzao ambao kesho yake watawaita kwa majina ya wahusika. Zungumzeni kabla: nani anagusa nani, wapi, na kwa ishara gani zoezi linasimamishwa. Kofi la jukwaani ni ufundi unaofundishika, na mwongozaji anayetaka kofi la kweli ili lionekane vizuri hajui kazi yake. Kwa wanafunzi, wazazi wasome muswada mzima, wasipewe muhtasari. Mwigizaji anayekataa sehemu kwa sababu ya imani yake au ya lililompata maishani asitakiwe kueleza mbele ya kikundi.

Bango, kijitabu na kamera

Lugha ya bango ina uzito wake, na Kiswahili kinatupa maneno ya kutosha ya kusema ukweli. Kama hukugusa neno, andika kwamba imeandikwa na fulani. Kama umekata, andika imefupishwa na nani. Kama umehamisha mahali, zama au wahusika, andika kwamba onyesho limetokana na tamthilia ya fulani, na ulipe jina lako jipya ukiweza. Katika tamasha la mwaka 2012 la ukumbi wa Globe jijini London, ambapo tamthilia 37 za Shakespeare zilichezwa kwa lugha 37, Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, na waigizaji kutoka Kenya waliicheza kwa jina Wanawake wa Heri wa Winsa. Mtu aliyelisoma jina hilo alijua kabla ya kuketi kwamba Winsa hiyo ina vumbi la kwetu.

Huenda pia ukalazimika kukata kwa amri ya wengine. Maonyesho ya jukwaani yana sheria za vibali, kwa Tanzania tangu mwaka 1976, na mkaguzi anaweza kutaka mstari utoke. Amua mapema kama tamthilia inasimama bila mstari huo. Ikisimama, mjulishe mwandishi au warithi wake, na usiitangaze kuwa nzima, isiposimama, ahirisha.

Kamera ndiyo imebadili mambo kuliko chochote katika miaka hii. Onyesho la Shylock akitukanwa lina maana ndani ya saa mbili za tamthilia, na lina maana nyingine kabisa likiwa kipande cha sekunde 30 kwenye simu, kisicho na mwanzo wala mwisho, kikisambazwa na mtu aliyekiwekea maandishi yake. Omba simu zizimwe na ueleze kwa nini. Kama kikundi chenyewe kinataka kuweka kipande kwenye intaneti, achaguliwe mtu mmoja wa kuamua ni kipi, aangalie kinavyosomeka kikiwa peke yake, na ruhusa ya kurekodi iwe imo katika ile barua ya mwanzo, kwa sababu ruhusa ya kucheza haiibebi ndani yake.

Mapato nayo yawekwe wazi kwa kikundi kizima, fungu la mwandishi likitengwa kabla ya nauli na chakula. Likitengwa mwisho, huwa halipo.

Onyesho likiisha, kaa na watazamaji nusu saa. Usiwatetee waigizaji wako wala usimtetee mwandishi. Sikiliza ni nani aliyenyamaza, kwa maana mara nyingi ndiye aliyeguswa, na umfuate pembeni. Kisha uchukue nakala ya muswada mliyoitumia mazoezini, ile yenye mistari iliyokatwa kwa kalamu nyekundu na maneno yaliyoongezwa pembeni, uandike kando ya kila badiliko ni nani aliyelifanya na kwa sababu gani, utoe nakala mbili, moja umpelekee mwandishi au familia yake na nyingine uiache katika maktaba ya chuo au ya kikundi, ikiwa na ukurasa wake wa mbele.